Mama Mkwe Alinikuta Natafuta Besi

Sabufa yangu ya kwanza, ile ya spika mbili, ilikuwa na heshima zake mpaka jirani wa ng'ambo ya ukuta aliponunua homu thieta. Ijumaa moja filamu yake ilifika kwenye mabomu, vikombe vyetu vikaanza kugongana kabatini. Mke wangu akasema, "Hawa watatuvunjia vyombo." Mimi nikasema kimoyomoyo, vyombo hivyo kama ni vya kuvunjwa na besi, nitavivunja mwenyewe.

Nikaenda Kariakoo, na kosa langu la kwanza ni kwamba nilikwenda na hamu usoni. Sijamaliza kuvuka Mtaa wa Uhuru, winga keshanidaka. "Bosi, sabufa? Twende nikupe kwa bei ya jumla." Winga hana duka wala sabufa. Ana mdomo, na cha juu anachokipachika kwenye bei ndicho kinachomlisha. Tukapanda ngazi mbili tukaingia kwenye kichumba kilichojaa maboksi mpaka dari. Nikasema nataka yenye besi nzito. Akalipiga boksi moja kofi la mapenzi. Lilikuwa limeandikwa 12,000W, kwa wino mwekundu.

"Hii ukiiwasha, bosi, mwenye nyumba anahama."

Ndani yake mna spika tano ndogo na sabufa moja: mbili za mbele, moja ya katikati ya kutamka maneno ya waigizaji, mbili za kukaa nyuma ya masikio, na lile dude la besi. Bei laki nne na nusu. Nikatoa laki nne na ishirini, nikateremka ngazi nikijiona mjanja wa mjini.

Ujanja uliishia mlangoni kwangu. Mke wangu ndiye waziri wa Luku nyumbani. Akasoma boksi, akaweka mikono kiunoni.

"Wati elfu kumi na mbili? Pasi yetu ni elfu moja, na nikinyoosha sare za Rehema nusu saa tu, uniti naziona zinavyoteremka. Wewe umetuletea pasi kumi na mbili?"

Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa: hiyo ni uniti 12 kila saa. Nikakosa la kusema. Yeye akaligeuza dude, akainama, akasoma kikaratasi cha nyuma kwa sauti: "Wati 60."

Siku ile ndipo nilipoziona zile herufi nne ndogo chini ya 12,000: PMPO. Maana yake ni nguvu ya kufumba na kufumbua, inayopigiwa hesabu kwenye karatasi bila kuuliza kama spika yenyewe itapona. Ya kuulizia dukani ni RMS, nguvu ambayo chombo kinaweza kuibeba muda wote, na ambacho kinavuta wati 60 ukutani hakiwezi kukubebea hata 100. Nimelipa laki nne na ushee kwa balbu moja ya zamani. Mke wangu alifurahi mno. Miaka saba ya ndoa, sijapata kumwona akifurahia kitu nilichonunua namna ile.

Basi nikaipanga. Na hapo likaja la pili. Nikikaa kwenye kochi langu, bomu linalia kama mtu kakohoa chumba cha jirani. Nikienda chooni, kopo linacheza juu ya ndoo. Nikampigia fundi mmoja anayepiga muziki kwenye maharusi.

"Sebule yako ina urefu gani?"

"Mita nne na kidogo."

"Na kochi liko wapi?"

"Katikati."

Akacheka mpaka simu ikakwaruza. Akaniambia sauti nzito, tuseme ya hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, wimbi lake moja lina urefu wa kama mita nane na nusu. Sebule yangu ni nusu ya wimbi. Kwa hiyo mvumo unajaa kwenye kuta za pande mbili na kufifia katikati, pale pale nilipoliweka kochi. Dawa yake? "Ipandishe sabufa kwenye kochi, pale unapokaa wewe. Weka wimbo wenye gitaa la besi linalotembea. Halafu wewe shuka chini, tambaa chumba kizima sikio likiwa usawa wa sakafu. Utakapoisikia besi imenyooka, hapo ndipo mahali pake. Maana sauti haibagui, ikitoka huku kwenda kule ni sawa na ikitoka kule kuja huku."

Ilikuwa Jumamosi. Mke wangu alikuwa amekwenda stendi ya Mbezi kuwapokea mama yake na baba yake mdogo kutoka Muheza. Basi lilitarajiwa jioni. Saa nane mchana nikavua shati kwa joto, nikabaki na bukta, nikaliketisha dude kwenye kochi, nikafunga mapazia ili nisikie vizuri (usiniulize pazia na masikio vinahusiana vipi), nikaanza kutambaa.

Kumbe basi liliwahi.

Mlango sikuusikia. Nilikuwa nimefumba macho, shavu kwenye kapeti, nazunguka mguu wa meza. Nilipofumbua, mbele ya pua yangu kulikuwa na vidole vya mguu vyenye hina iliyofifia, na pindo la kanga. Nikavitambua pale pale. Vidole vile nilivisoma vizuri siku ya kujitambulisha, maana muda wote nilikuwa nimeinamisha uso.

"Shikamoo, mama."

Wanasema asili ya neno hilo ni kushika miguu ya mkubwa wako. Sidhani kama kuna mkwe aliyewahi kulitamka akiwa karibu na miguu yenyewe kiasi kile.

"Marahaba," akajibu, kwa mazoea tu, kisha akarudi nyuma hatua moja. Baba mdogo, aliyekuwa na kiroba cha machungwa, alikiachia. Machungwa yakasambaa sebule nzima, moja likaja kutulia kwenye kwapa langu. Yeye hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa analitazama lile dude jeusi lililokalia kochi, lenye jicho moja la bluu, likivuma peke yake gizani. Midomo yake ikaanza kucheza, anasoma.

Mama mkwe akachuchumaa, akanishika paji la uso.

"Baba Rehema, imekuanza lini?"

"Tangu saa nane, mama."

"Unatafuta nini hapo chini?"

"Natafuta besi."

"Inakaa wapi?"

"Ndiyo sijui, mama. Kwenye kochi haikai. Nimeisikia karibu na mlango wa choo."

"Inakuita jina?"

"Hapana, inavuma tu."

Akamgeukia binti yake, aliyekuwa ameshikilia fremu ya mlango, machozi yanamtoka kwa kicheko alichokibana.

"Na wewe unalala naye humu humu?"

Nilieleza. Nilivaa shati nikaeleza tena, nikachora na wimbi nyuma ya boksi. Mama mkwe akatikisa kichwa kwa adabu, kama anavyofanya mtu anayekubaliana na mgonjwa.

Besi ilinyooka kweli pale mlangoni kwa choo, kwa hiyo jioni nikaihamishia huko, na sitaki kusema uongo, kochini ilifika safi kabisa. Bahati mbaya kuna waya sikuukaza sawasawa. Usiku, runinga imezimwa, sabufa ikabaki na mvumo wake mdogo, mmmmm, na jicho la bluu linawaka koridoni. Baba mdogo aliamka kwenda kujisaidia. Nilimsikia akifika nusu ya njia. Nilimsikia akirudi. Hakwenda tena mpaka alfajiri, na kabla ya chai akaaga kwamba amekumbuka shughuli Muheza.

Jioni yake simu ya mke wangu ikaita. Mama yake, aliyekuwa amelala chumbani kwetu mchana kutwa, alikuwa ametoka kwenda kwa jirani, na ndiye aliyekuwa anapiga, kwa sauti ya chini.

"Baba yako mdogo kafika salama. Anauliza kama limetoka."

"Bado, mama," mke wangu akamjibu. "Lipo mlangoni kwa choo. Ila halina shida, linakula wati 60 tu."