Hella Haasse na ukimya wa Oeroeg

Kuna tukio katika Oeroeg, riwaya fupi ya mwandishi Mholanzi Hella Haasse, ambalo limebeba kitabu kizima. Usiku, Wazungu wametoka karamuni, wameenda kustarehe kwenye ziwa la Telaga Hideung, Java Magharibi, katika Indonesia iliyotawaliwa na Uholanzi. Chelezo kinapinduka. Mtoto wa msimamizi wa shamba la chai anatumbukia majini, na Deppoh, mnyapara wa shamba, anajitosa kumwokoa. Mtoto anapona, Deppoh anazama. Oeroeg ni mwana wa Deppoh na rafiki kipenzi wa mtoto yule. Tangu hapo anasomeshwa kwa pesa za Mzungu.

Kitabu kilitoka mwaka 1948 kama zawadi ya Wiki ya Vitabu ya Uholanzi, wakati majeshi ya nchi hiyo yanapigana na Jamhuri ya Indonesia iliyojitangazia uhuru Agosti 1945. Ubishi haujaisha mpaka leo: kinaushitaki ukoloni, au ni mkoloni anayejililia?

Wanaomtetea Haasse wanaanza na maisha yake. Alizaliwa mwaka 1918 Batavia, Jakarta ya leo. Baba yake alikuwa ofisa wa fedha wa serikali ya kikoloni, mama mpiga piano. Mwaka 1938 alikwenda Amsterdam kusoma chuo kikuu, akaacha, akaingia chuo cha maigizo na kuhitimu mwaka 1943, Wajerumani wakiwa wameikalia nchi. Kazi ya jukwaani haikudumu. Kuandika ndiko kulikomchukua, lakini uigizaji ulimfuata huko. Mwaka 1949 alitoa riwaya nene juu ya Charles d'Orléans, mtawala na mshairi wa Kifaransa aliyefungwa Uingereza miaka 25, na humo aliivaa nafsi ya mwanamume wa karne ya 15 bila kuyumba. Mwandishi wa kipaji hicho, wanasema watetezi wake, aliponyamaza kuhusu moyo wa Oeroeg alinyamaza kwa makusudi. Msimulizi, yule mtoto aliyeokolewa, hana hata jina, na yote anayoyajua kuhusu rafiki yake ameyaona kwa nje. Mwishoni anakutana na mtu mwenye bunduki palepale ziwani, anaamriwa aondoke, na hana hakika kama ni Oeroeg.

Hoja hiyo ina uzito, nami naikubali kwa sehemu kubwa. Kumpa Oeroeg maneno ya kubuni mwaka ule kungekuwa ni kumnyang'anya kitu kingine tena.

Ila Tjalie Robinson, mwandishi mwenye damu ya Kizungu na ya Kiindonesia, aliishambulia riwaya hiyo mara tu ilipotoka. Kwake, watu na urafiki uliosimuliwa humo havikufanana na maisha aliyoyajua. Na lawama ya ukimya inazidi kuwa nzito tukifika riwaya yake Heren van de thee (Mabwana wa Chai) ya mwaka 1992, iliyotungwa kutokana na barua za familia ya wenye mashamba ya chai. Hapo Haasse ana umri wa miaka 74, Indonesia iko huru miaka mingi, na bado wachuma chai wako pembeni ya hadithi. Barua ziliandikwa na mabwana, ni kweli, lakini kuchagua barua hizo kulikuwa uamuzi wake. Mimi hapo simtetei.

Alirudi tena kwenye jeraha lilelile mwaka 2002 katika riwaya ya Sleuteloog: mwanamke mzee ana kasha lililofungwa, ufunguo umepotea, na anajiuliza kama kweli alimjua rafiki yake wa utotoni. Naona ujasiri katika kurudia swali hilo akiwa na miaka 84.

Kinachoniuma zaidi ni namna Uholanzi ilivyomsoma. Mwaka 2009 Oeroeg iligawiwa bure nchi nzima, katika kampeni ya kusoma kitabu kimoja kwa pamoja. Sasa tazama mwaka ule wa 1948: Pramoedya Ananta Toer, kijana wa Java, alikuwa kifungoni Jakarta, amekamatwa na Waholanzi mwaka 1947 na hakuachiwa mpaka mwisho wa 1949. Humo gerezani aliandika riwaya yake Perburuan. Kwa hiyo wakati Waholanzi wanakisifu kitabu cha Haasse kwa kukiri kwamba hakimjui Oeroeg, Waindonesia waliokuwa na la kusema walikuwa wanaandika, wengine nyuma ya kufuli la Waholanzi wenyewe. Haasse hakuwa na ufunguo wa jela ile na sitamtwika mzigo huo. Lakini mwalimu wa Uholanzi anayempa mwanafunzi Oeroeg leo ampe na Perburuan, siku hiyohiyo.