Bunduki ya Bata na Samaki wa Babeli

Wapenzi wa gemu za zamani hapa Kisumu wana ubishi usiokwisha. Kuna wanaoshikilia kwamba gemu haijachezwa mpaka ichezwe kwenye mashine yake: kaseti ipulizwe vumbi, ichomekwe, waya wa njano uingie nyuma ya TV yenye mgongo. Wenzao huwajibu kwamba hayo ni mapenzi ya plastiki. Gemu ni programu, wanasema, na programu ileile leo inaingia kwenye simu pamoja na mamia ya nyingine. Nimeusikia ubishi huohuo, kwa maneno mengine, kwa wanaopenda The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, hadithi ya kuchekesha ya anga za juu aliyoitunga Mwingereza Douglas Adams: toleo gani ndilo lenyewe? Kesi hizi mbili zikisikilizwa pamoja, kila upande unapungukiwa na kitu.

Nianze na mashine. Kampuni ya Nintendo ilitoa mashine ya gemu iitwayo Famicom nchini Japani mwaka 1983, na nyumba nyingi za Kenya ziliijua kupitia nakala zake za bei nafuu, kaseti moja ikidai ina maelfu ya gemu ilhali ni chache zinazojirudia. Wengi waliokua na mashine hizo wanaikumbuka bunduki ya plastiki ya kupigia bata. Gemu hiyo, Duck Hunt ya mwaka 1984, ndiyo shahidi mkubwa wa wanaotaka mashine halisi. Ukivuta kifyatulio, skrini huwa nyeusi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha mahali alipo bata panawaka mraba mweupe. Bunduki yenyewe haitoi kitu. Ina jicho la kupokea mwanga, na likiona giza halafu weupe, mashine inahesabu kwamba umelenga. Hesabu hiyo inaitegemea TV ya kioo kinene, inayochora picha mstari kwa mstari papo hapo. TV bapa huichakata picha kwanza, na ucheleweshaji huo mdogo unatosha kuivuruga hesabu yote. Chukua mashine halisi, kaseti halisi na bunduki halisi, uziunganishe na TV mpya: utafyatua mpaka kidole kiume na hakuna bata atakayeanguka.

Kwenye simu bata anauawa kwa kuguswa. Huo ni mchezo mwingine. Hakuna kulenga, hakuna kufumba jicho moja, hakuna ndugu wa kukupigia kelele urudi nyuma kwa sababu umeusogeza mdomo wa bunduki mpaka kwenye kioo. Kwa hiyo anayeitunza TV kuukuu asionekane mtu wa kumbukumbu tu. Sehemu ya gemu hiyo iliishi nje ya kaseti, ndani ya kioo, na ukikitupa kioo umeitupa nayo.

Hata hivyo mashine zinakufa. Lenzi ya PlayStation inachoka kusoma CD. Betri ndogo iliyo ndani ya baadhi ya kaseti, ile inayohifadhi ulipofikia, inaisha na kufuta kila kitu. Fundi akitaka kipuri lazima afungue mashine nyingine na kuiua. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani iitwayo Video Game History Foundation ilitangaza kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka nchini humo, yaani za kabla ya mwaka 2010, haziuzwi tena. Takwimu hiyo inawapa nguvu watu wa simu. Bila programu za kuiga mashine, kijana wa Nyalenda au wa Bondeni kule Nakuru angezijua gemu hizo kwa masimulizi tu, na gemu ya kusimuliwa ni huzuni. Suala la hakimiliki lipo, na wenye mali wana haki ya kulalamika. Lakini ambaye ameacha kuuza kitu hawezi kutarajia watu wakisahau.

Sasa tumgeukie Adams, kwa sababu kwake mizani inayumba zaidi. Anayesema kitabu ndicho asili anatetea kitu kilichohamishwa. Hadithi hiyo ilianza kama mchezo wa redio, BBC Radio 4, tarehe 8 Machi 1978. Kitabu kilifuata mwaka 1979, TV mwaka 1981, gemu ya kompyuta mwaka 1984, na sinema mwaka 2005, miaka 4 baada ya mtunzi kufariki. Matoleo yanapingana katika matukio, na aliyeyapinganisha ni Adams mwenyewe. Kila chombo alikiuliza kinaweza nini. Toleo la TV lilihitaji michoro ya kompyuta, na kwa kuwa kompyuta za wakati huo hazikuweza, wachoraji waliifanya kwa mkono ikaonekana kama ya kompyuta. Mpaka leo michoro ile inapendeza.

Gemu ndiyo iliyothubutu zaidi. Adams aliitengeneza na Steve Meretzky wa kampuni ya Infocom, nayo haina picha hata moja. Unasoma, unaandika amri, unajibiwa. Unaanza gizani ukiumwa na kichwa. Kuna fumbo la kumpata samaki wa Babeli, yule anayewekwa sikioni ili mtu aelewe lugha zote: mashine inamrusha, anapotelea kwenye tundu; unaliziba, anapotea kwa njia nyingine, na samaki wenyewe si wengi. Katika orodha ya vitu ulivyobeba, ukosefu wa chai umeandikwa kama kitu, na baadaye unatakiwa kuwa na chai na kutokuwa nayo kwa wakati mmoja. Redio isingeweza hilo. Famicom nayo, mashine isiyo na kibodi mkononi mwa mchezaji, isingefaa. BBC iliiweka gemu hiyo kwenye intaneti mwaka 2004, na kwa kuwa ni maneno matupu, haikupoteza karibu chochote njiani.

Sinema ya 2005 ndiyo inayogawanya watu. Wanaoitetea husema, kwa haki, kwamba baadhi ya mambo mapya yaliyomo yalibuniwa na Adams mwenyewe, kama ile bunduki inayomfanya aliyepigwa aone jambo kwa mtazamo wa mpigaji. Mimi nakubali. Kinachoniuma ni kwingine. Mwanzoni mwa hadithi nyumba ya Arthur Dent, mhusika mkuu, inataka kubomolewa, na anaambiwa ramani zilikuwa hadharani muda wote. Redioni na kitabuni anaeleza alivyozitafuta, hatua kwa hatua, mpaka kwenye choo kilichoachwa, mlangoni pana onyo la chui. Sinema imelifupisha hilo, na chui hayumo. Yeyote aliyeamka akakuta alama ya X nyekundu ukutani kwake, akaambiwa notisi ilitolewa zamani, anajua kwa nini safari ile ndefu ya maneno haikupaswa kuguswa. Uchungu na kicheko vyote vimo katika urefu wake.

Huku kwetu tuna kipimo. Lwanda Magere, shujaa wa masimulizi ya Kijaluo, husimuliwa kwa namna nyingi kuanzia Kano na kuendelea, na hakuna anayemshtaki msimuliaji kwa kuongeza wimbo au kupunguza vita. Ila lazima mwili uwe jiwe, na lazima siri iwe kwenye kivuli. Msimuliaji akikiondoa kivuli, wasikilizaji watamsimamisha.

Kwa kipimo hicho, watu wa simu wameshinda sehemu kubwa ya kesi: gemu nyingi za padi na vitufe zikihamishwa hubaki na kivuli chao, na kuzinyima watu kwa jina la uasilia ni kosa. Zile za bunduki ya mwanga hazibaki. Basi fedha na jasho la kutunza viende huko kwanza. Makumbusho ya Kisumu yamejenga boma zima la Kijaluo ili mtu aingie na kuona maisha yalivyopangwa. Yangeweza pia kutenga meza moja yenye TV ya kioo kinene, Famicom ya nakala na bunduki yake, ikiwa imewashwa na watoto wanaruhusiwa kushika. Mafundi wanaoweza kuifanya TV hiyo iwake bado wapo mjini, na wanapaswa kulipwa wafundishe vijana kazi hiyo sasa.