Sakafu ya mbao Mwanza: tatizo ni zege, si ziwa

Ukitaja sakafu ya mbao hapa Mwanza utaambiwa hewa ya ziwa itaivimbisha, weka vigae. Sikubaliani. Milango ya mninga ipo kwenye nyumba nyingi zinazotazama maji, na inafunguka vizuri masika na kiangazi. Kinachoharibu sakafu mara nyingi ni maji yanayopanda kutoka kwenye jamvi, yaani zege linalomwagwa chini ya sakafu.

Zege likimwagwa, saruji hutumia sehemu tu ya maji yaliyochanganywa. Yanayobaki hutoka juu polepole mno. Zile siku 28 zinazotajwa kila saiti ni za zege kupata nguvu, si za kukauka. Kukauka hukadiriwa mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo jamvi la inchi 4 linataka miezi 4 hivi, na zaidi likikutana na mvua. Sasa mtu amemwaga zege Oktoba, vuli inaanza, na anataka kuhamia kabla ya Krismasi. Fundi anabandika mbao kwa gundi. Chini zinanyonya unyevu, juu zimezibwa na vanishi, basi zinavimba upande mmoja na kingo zinainuka. Ziwa ndilo linalolaumiwa.

Kupima si gharama. Kata nailoni angavu, nusu mita kwa nusu mita, izibe kingo zote kwa selotepu juu ya zege, iache mpaka kesho yake. Ukikuta matone ndani yake, au zege limekolea rangi, mbao zirudi stoo. Ikibaki kavu ni dalili njema, ila inaonyesha hali ya juu juu tu. Kwa sakafu ya gharama kubwa tafuta mwenye mashine ya kupima unyevu.

Halafu kuna hii milima yetu. Mvua ikinyesha Bugando au Isamilo, maji hayazami kwenye mwamba. Yanateleza juu yake, chini ya udongo, hadi yakutane na msingi wa nyumba ya mtu. Kinga ni nailoni nzito chini ya jamvi, ile ambayo watu huiondoa kwenye bajeti kwa sababu haitaonekana, pamoja na mfereji upande wa mlimani. Nyumba iliyokosa vyote viwili naishauri iweke vigae, hata kama mwenyewe anapenda mbao kiasi gani.

Mbao nazo zikae ndani ya chumba chenyewe wiki moja au mbili kabla ya kuwekwa, na ukutani ziachiwe nafasi ya milimita 10 hadi 15 ya kutanukia, skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta, itaificha. Fundi anayekwambia usubiri zege likauke anaacha hela ya mwezi huu. Mpe advansi, ili siku ya kuanza ikifika asiwe ameshachukuliwa na kazi nyingine.