Tairi la kwenye picha na tairi la mkononi mwa fundi

Machi 2025 shemeji yangu, mwalimu wa sekondari hapa Iringa, aliagiza matairi manne ya Noah yake kwa muuzaji wa Dar es Salaam aliyempata Instagram. Saizi 195/65R15, bei 125,000 kwa moja, "mpya kabisa, mzigo upo". Duka la Ipogolo, hapahapa Iringa, lilikuwa limemtajia 150,000 kwa chapa ileile. Mzigo haujafika alishanipigia hesabu: laki nzima imebaki. Akamalizia kwa maneno ninayoyasikia kila kona siku hizi, kwamba wenye maduka wa mikoani wametunyonya vya kutosha na sasa simu imetukomboa.

Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na anayetaka kulitetea duka, kama mimi, lazima aanze kwa kukiri kilichowafukuza watu dukani. Ni bei ya sura. Ukiingia na gari safi na shati la kunyooshwa, bei inapanda. Akiingia mwanamke peke yake inapanda zaidi, na akiuliza swali anajibiwa kama mtoto. Dada yangu aliwahi kutajiwa 190,000 kwa tairi ambalo mimi, siku ileile, duka lilelile, niliambiwa 155,000. Kwa mtu aliyefanyiwa hivyo, bei iliyoandikwa chini ya picha ni heshima, kwa sababu haimwangalii anayeisoma (pale wanapoiandika, maana wengi bado wanakuambia uje inbox).

Kuna pia suala la upatikanaji. Mwenye Prado anayetafuta 265/65R17 akiwa Songea au Sumbawanga anaweza kuzunguka mji mzima akaambulia chapa moja, tena matairi matatu. Kariakoo na Ilala, jijini Dar, saizi zipo za kila aina. Ukilipa jioni, alfajiri tairi linapakiwa kwenye buti la basi stendi ya Magufuli pale Mbezi, na giza likiingia unalipokea. Huo ni msaada mkubwa.

Sasa turudi kwenye laki ya shemeji. Basi lilimtoza 6,000 kwa kila tairi, jumla 24,000. Kufunga na kupiga balansi (kusawazisha uzito wa gurudumu) 8,000 kwa kila tairi, jumla 32,000. Kazi hiyo angenunua dukani angefanyiwa bure. Zikabaki 44,000. Sitaki kushinda ubishi kwa hesabu hiyo, kwa sababu elfu arobaini na nne kwa mwalimu ni fedha, na mtu ana haki ya kuihangaikia. Nilichokiona siku ya kufunga ndicho kilichonifanya niandike.

Mashine nzuri ya balansi ilikuwa kwenye duka lilelile alilolikimbia, kwa hiyo ndiko tulikokwenda. Fundi hakununa. Alipandisha gari kwa jeki, akavua tairi la mbele kushoto, na lile jipya hakuligusa. Alililaza la zamani chini, akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya meno yake kutoka nje kuelekea ndani, kisha akakirudisha. Akamwita shemeji.

"Mwalimu, hebu weka mkono hapa. Pitisha. Haya, rudisha."

Kwenda kulikuwa laini. Kurudi kulikwaruza kama msumeno.

"Hili halijaisha kwa safari, limeliwa. Gari inavuta. Ukifunga haya mapya bila kupiga alaimenti, kabla ya Desemba utarudi hapa."

Alaimenti ni kuyarekebisha magurudumu yakae sawa. Shemeji hakuwa na habari. Usukani alikuwa ameshauzoea, na simu isingeweza kumwambia, kwa sababu aliiuliza saizi nayo ikampa saizi. Tairi lililochakaa lina habari nyingi kwa anayejua kulisoma. Likiisha katikati huku pembeni kuna meno, limekuwa likijazwa upepo kupita kiasi. Likiisha pembeni kote kuwili katikati kukabaki, upepo umekuwa mdogo. Likiisha upande wa ndani peke yake, magurudumu hayajakaa sawa. Likiwa na vishimo hapa na pale, mara nyingi shokapu zimechoka. Yule fundi alilisoma kwa nusu dakika, bila malipo, kwenye tairi ambalo hakuuza yeye. Ndiyo maana neno "dalali" wanalopewa watu wa maduka linaniuma. Ile 25,000 ya juu ya kila tairi la dukani inalipia kiganja hicho pia, na mteja anayelilinganisha duka na picha haioni kwenye mizani yake.

Kisha akayageuza mapya, moja baada ya jingine, akitafuta namba.

Matairi mengi yana ubavuni maandishi yanayoanza na herufi DOT, na mwishoni mwake, ndani ya kiduara kilichonyooshwa kama yai, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mara nyingi namba kamili imepigwa upande mmoja tu, kwa hiyo usipoiona geuza tairi. Matairi mawili ya shemeji yaliandikwa 3223, yaani wiki ya 32 ya mwaka 2023. Mawili yaliandikwa 1119. Wiki ya 11, mwaka 2019. Yalitimiza miaka sita mwezi uleule alioyalipia kama mapya.

Shemeji akamtumia muuzaji picha WhatsApp. Jibu halikuchelewa: "Mpya hayo bosi, angalia hata vinyweleo vipo." Na kweli vilikuwepo, vile vijiuzi vya mpira vinavyochomoza juu ya meno. Lakini vinyweleo vinaonyesha tu kwamba tairi halijatembea. Havisemi limezaliwa lini.

Nakaa hapa kwa makusudi, kwa sababu sidhani kama kuna jambo linalopuuzwa kuliko hili. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa. Hewa na joto vinaukausha polepole, unakuwa mgumu, na gundi inayoshikanisha matabaka ya mpira na nyaya za chuma ndani inapoteza nguvu. Kwa nje unaweza usione kitu. Meno yamejaa, weusi unang'aa. Michelin inashauri tairi lililotumika miaka mitano lianze kukaguliwa na mtaalamu kila mwaka, na likifikisha miaka kumi tangu kutengenezwa litolewe hata kama linaonekana zima. Wapo watengenezaji wa magari wanaosema miaka sita tu. Mwigizaji Paul Walker alipokufa ndani ya Porsche huko California, Novemba 2013, uchunguzi ulisema mwendo mkali ndio uliosababisha ajali, lakini ulibaini pia kwamba matairi ya gari lile yalikuwa na umri wa miaka tisa, na huenda yalichangia gari kushindwa kushika barabara. Ni gari la thamani kubwa ambalo lilikuwa halijatembea sana.

Sasa toa picha hiyo California, ilete kwetu. Noah ina watu wanane na mizigo yao, inatoka Dar saa tatu asubuhi, saa saba mchana iko Mikumi lami inachemka, kisha inaanza kupanda Kitonga. Kila tairi linagusa barabara kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima. Viganja vinne vinabeba familia nzima. Mimi nikiwa kwenye safari hiyo nataka kujua viganja vile vina umri gani, na sijaona tangazo la tairi mtandaoni linaloandika wiki na mwaka bila kuulizwa.

Ni haki kusema tairi la mwaka mmoja au miwili lililotunzwa stoo yenye giza na ubaridi halina neno. Na ni haki zaidi kusema maduka yetu nayo yana dhambi hii. Matairi yanapangwa nje kama mnara tangu asubuhi, yanachomwa na jua miezi na miezi, kisha yanapakwa dawa ya kung'arisha. Ila pale dukani unainama, unasoma 1119, unasema lete jingine, na hela yako bado iko mfukoni. Shemeji aliisoma namba ileile akiwa ameshalipa, mzigo umeshasafiri takribani kilomita 500, na nauli ya kuurudisha ni yake.

Lipo kosa jingine ambalo picha inalificha vizuri sana, hasa kwa wanaonunua mtumba. Baadhi ya magari yanayoshuka bandarini kutoka Japani yanakuja na matairi ya theluji, na mengine yanavuliwa na kuuzwa peke yake. Kwenye picha yanapendeza kuliko yote, maana yana meno marefu na mistari midogomidogo mingi. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa baridi. Kwenye lami ya Dodoma unaisha haraka, na gari linayumba kwenye kona. Ubavuni yameandikwa STUDLESS, na herufi ya mwendo mara nyingi ni Q, yaani mwisho kilomita 160 kwa saa, wakati tairi la kawaida la gari dogo huwa na S, T au H. Fundi analitambua kwa kulibonyeza na kidole gumba.

Kuhusu dhamana nitasema kifupi. Miaka miwili iliyopita tairi langu nililonunua dukani lilitoa nundu ubavuni wiki ya tatu. Mwenye duka aliliangalia, akauliza kama nimegonga shimo, nikasema sikumbuki. Akanipa jingine. Angeweza kubisha, lakini tunaonana kila Jumapili, na risiti yake ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ilikuwa kwenye droo ya gari. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, haibagui duka na simu, na tangu 2015 tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki. Lakini mtu wa kumdai kwa sheria hizo lazima ajulikane alipo. Ukurasa wa Instagram unaweza kubadilishwa jina usiku mmoja, na muamala wa simu hauna risiti ya bidhaa.

Wanaonipinga hunitajia Ulaya na Marekani, kwamba wenzetu wananunua matairi mtandaoni miaka mingi na hawafi. Ni kweli, na mfano huo ninaupenda kwa sababu unaelekea kwangu. Tire Rack ya Marekani, iliyoanza 1979, hukuruhusu kupeleka tairi moja kwa moja kwenye gereji inayoshirikiana nayo, likafungwe na fundi. Desemba 2021 ilitangazwa kuwa inanunuliwa na Discount Tire, kampuni yenye maduka zaidi ya elfu moja. Blackcircles ya Uingereza, iliyonunuliwa na Michelin mwaka 2015, inauza kwa njia hiyohiyo: unachagua kwenye simu, unafungiwa kwenye gereji ya mtaani kwako. Kule simu haikulikimbia duka. Ilimtafuta fundi, ikampa sehemu ya bei, ikamfanya awe mtu wa kujibu.

Kwetu hilo bado, kwa hiyo kwa magari haya ya kawaida, saizi ambazo kila mji unazo, mimi naona dukani ndiko mahali pa kununulia, hata kwa 25,000 ya juu. Simu naitumia kujua bei kabla sijaenda, maana hiyo ndiyo dawa ya bei ya sura. Wa Songea mwenye 265/65R17 aagize tu, ila kabla ya kulipa aombe picha ya tarakimu nne za kila tairi, yote manne, na asikubali picha moja ya mfano.

Shemeji alifunga yale mawili ya 2023. Mengine mawili alinunua palepale, wakashukiana hadi 140,000, akapiga alaimenti siku hiyohiyo. Moja la 2019 amelifanya spea, jingine liko stoo kwake na muuzaji hajapokea simu tena. Mwenye duka nilimwambia abandike bei na mwaka kwenye kila tairi, wateja wa aina ya dada yangu watarudi. Nilipopita mwezi uliopita nilikuta ameanza kwa chaki: 2024, 2025, 2024, ubavuni mwa kila tairi. Bei bado anaitaja kwa mdomo.