Na akina mama wa jikoni

Jumamosi iliyopita nilikuwa msibani. Msemaji wa familia alisoma shukrani: paroko, mwenyekiti wa mtaa, wafanyakazi wenzake marehemu, kwaya, wenye magari, kila mmoja kwa cheo na jina. Akakunja karatasi, kisha akakumbuka kitu. "Na akina mama wa jikoni." Tukapanga foleni ya chakula. Sahani ilipoa mkononi mwangu, kwa sababu maneno hayo hayo niliyasema mimi siku tulipomzika mama yangu.

Mama alilala kitandani miezi saba baada ya kiharusi. Ndugu zangu wako mikoani. Mimi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, narudi usiku. Binti wa kazi peke yake hakumweza. Jumuiya ilipokuja kusali kwetu, watu wakatoka, mama mmoja anayeuza maandazi akabaki. Akainua shuka, akamwangalia mama mgongoni.

"Mwanangu, mchana nani anamgeuza?"

Nilikosa jibu. Siku hiyo hiyo likaletwa daftari, wakagawana siku, wawili wawili. Walimgeuza kila baada ya saa mbili. Walimwogesha, wakamkausha vizuri kwenye mikunjo, wakamkalisha wima kabla ya kijiko cha kwanza cha uji ili asipaliwe. Miezi saba, hakutoka kidonda hata kimoja. Aliyewaelekeza wenzake ni yule wa maandazi. Alijifunza kwa kumuuguza mama mkwe wake.

Ndiyo maana sitaki tena kusikia "akina mama wana moyo" halafu basi. Moyo wanao. Lakini mgonjwa hageuzwi na moyo. Anageuzwa na mikono inayojua pa kushika, ya mtu aliyeacha shughuli zake. Jumatano ilikuwa zamu ya yule mama, na Jumatano hakupika maandazi. Ana watoto shuleni. Hakuniambia, nilikuja kujua baadaye, kutoka kwa mteja wake. Tukisema ni moyo tu, tunajifanya kwamba wema ule haukumgharimu mtu kitu.

Wanaume nao walikuja, nakiri. Kuna baba aliyetupeleka hospitali saa nane usiku kwa gari lake, akakataa hela ya mafuta. Na jumuiya ina majungu yake. Wawili waliopangwa Ijumaa walikuwa hawasalimiani tangu mwaka uliotangulia. Walishika shuka moja, mmoja huku, mmoja kule, wakahesabu moja, mbili, tatu, wakamgeuza mama.

Kitabu cha Matendo, sura ya 9, kinamtaja Dorkasi wa Yafa kwa jina. Amekufa, na wajane wanalia huku wakimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Jina limeandikwa, na kazi imeandikwa.

Mama alikuwa mwana WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki Tanzania. Mwaka 2022, chama kilipotimiza miaka 50, alikwenda Uwanja wa Mkapa, akarudi sauti imekauka kwa kuimba. Alipofariki, wenzake ndio waliomwosha na kumvisha kitenge alichovaa siku ile. Mimi nikasimama mbele za watu nikawashukuru kwa maneno matano.

Jumamosi hii sala ya jumuiya ni kwetu. Nimemwomba mwenyekiti wa jumuiya lile daftari. Zamu za mama zimejaza kurasa 14, jina kwa jina, siku kwa siku. Nitazisoma zote.