Tovuti ya Shangazi, Tangazo la Wengine

Wiki iliyopita mgeni mmoja alimpigia simu shangazi yangu, mwenye nyumba ya wageni Jambiani, Unguja, akiuliza dereva gani atampokea uwanja wa ndege. Shangazi akafungua daftari: jina hamna. Tulipofuatilia tukakuta mgeni alianzia kwenye tovuti ya shangazi, akabofya ile beji ya nyota iliyopachikwa chini ya ukurasa, ikampeleka kwenye ukurasa wa maoni ya wasafiri, na huko akaorodheshewa hoteli nyingine za pwani ile ile. Akalipia mojawapo akiamini bado yuko kwa shangazi.

Beji hiyo niliipachika mimi, mwaka juzi, nikamwambia kwamba wijeti, yaani kipande cha tovuti ya mtu mwingine unachokipachika kwenye ukurasa wako, ni matangazo ya bure. Ndiyo maana naandika nikiwa na hasira.

Mnayajua maduka yetu ya barabarani. Kampuni ya soda inakuja na ndoo za rangi, inapaka ukuta wote, na jina la mwenye duka linabaki dogo pembeni. Mwenye duka angalau kapata rangi. Anayepachika wijeti anapata ukurasa mzito unaokula bando la mteja, na mlango wa kumtolea mteja nje.

Wanaotengeneza wijeti wanalijua hili vizuri. YouTube ilipoanza mwaka 2005 iliwapa watu msimbo wa kupachika video popote watakapo. Vijana wa MySpace, mtandao wa kijamii wa siku zile, wakazijaza kurasa zao, na kila video ikabeba jina la YouTube. Oktoba 2006 Google ikakubali kuinunua kwa dola bilioni 1.65. Watazamaji walikuwa wa kurasa zile, fedha zikaenda kwa mwenye msimbo. Aprili 2010 Facebook nayo ikatoa kitufe cha Like kwa tovuti za watu wengine, na kitufe hicho kiliweza kuipelekea Facebook habari za aliyefungua ukurasa hata asipokigusa. Wenye tovuti walidhani wanahesabiwa wanaowapenda, kumbe wateja wao ndio waliokuwa wakihesabiwa.

Na lawama hairuki. Julai 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya duka la nguo la mtandaoni Fashion ID la Ujerumani, iliamua kwamba mwenye tovuti aliyepachika kitufe anawajibika pamoja na Facebook kwa kukusanya taarifa hizo na kuzipeleka. Kwetu pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022. Sitaki shangazi ajibu maswali ya sheria kwa ajili ya beji.

Usalama ni habari nyingine. Februari 2018 wijeti ya kusoma maandishi kwa sauti, Browsealoud, ilivamiwa, na tovuti zaidi ya 4,000 zikatumia kompyuta za wageni wao kuchimba Monero, yaani kuzifanyisha hesabu za kumzalishia mvamizi sarafu hiyo ya kidijitali. Tovuti ya mamlaka ya Uingereza inayolinda taarifa za watu ilikuwamo.

Ramani nakubali ina kazi, maana njia za Jambiani zinapoteza watu. Lakini picha ya ramani yenye kiungo inatosha. Kitufe cha WhatsApp kadhalika: kiungo kitupu kinafungua mazungumzo bila msimbo wa mtu kukaa kwenye ukurasa.

Linaloniuma zaidi ni kwamba siku zote sisi ndio ukuta. Kwa nini tusiwe wenye rangi? Pwani ya mashariki ya Unguja kila kitu kinafuata maji. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, bahari inapanda na kushuka karibu mita 4, na kufikia saa nne hivi asubuhi imeshatoka mbali, mgeni aliyekuja kuogelea anakuta mchanga. Siku za maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo, mambo ni tofauti kabisa. Wenye hoteli, waalimu wa kite, mchezo wa kuteleza majini kwa tiara, na manahodha wa boti huulizwa jambo hili kila siku. Jedwali dogo la maji kujaa na kupwa la Jambiani, jepesi, lisilomfuatilia mtu, wangelipachika kwa furaha, na chini yake jina la nyumba ya shangazi. Jina tu, lenye kiungo. Tangu 2016 Google ilishakumbusha kwamba viungo vya wijeti vilivyojazwa maneno ya kutafutia vinakiuka miongozo yake, kwa hiyo kiungo chetu kitawekewa alama ya nofollow, inayoiambia Google isikihesabu kiungo hicho. Tunamtaka msafiri anayesoma saa za maji, na huyo atatuona.

Beji nimeshaiondoa. Jana usiku nimempelekea shangazi jedwali la kwanza alikague, akanijibu kwa sauti ndefu ya WhatsApp. Saa zimekaa sawa, akasema, lakini kwenye siku za bamvua niongeze mstari: asubuhi hizo akina mama wako kwenye mashamba ya mwani, mgeni asikanyage kamba zao, na kabla ya kupiga picha aombe ruhusa.