Mgeni Alitaka Kufupisha, Mimi Nikamrefusha

Nilipoombwa kuwa mkalimani katika mkutano wa wakulima wa korosho mjini Mtwara, nilikubali kwa majivuno, kwa kuwa nimefundisha Kiingereza miaka mingi, na mgeni mwenyewe, mnunuzi aliyetoka Pemba, ile ya Msumbiji na si ya karafuu, alikuwa ameahidi kuweka kando Kireno chake na kuzungumza Kiingereza.

Alianza saa tatu asubuhi. Alieleza unyevu wa korosho ghalani, magunia, ubwiriunga unaoushambulia mkorosho wakati wa kuchanua, salfa ya kupulizia, kisha akarudi kwenye magunia. Wazee walivumilia. Ilipokaribia saa saba, harufu ya pilau ikiwa imekwisha kuingia kwa madirisha yote, mgeni alifunga kabrasha lake, akatabasamu, na kutamka kwa Kiingereza kwamba sasa angefanya “resume” ya yote tangu mwanzo.

Kitenzi hicho ni cha Kiingereza rasmi, cha mahakamani na vikaoni, na maana yake ni kuendelea na jambo lililokuwa limesimama. Sikusita hata kidogo. Nilishika kipaza sauti nikasema: “Wazee wangu, mgeni anasema sasa anaanza tena, yote, tangu mwanzo.”

Hakuna aliyebisha. Mzee mmoja wa safu ya mbele alivaa kofia yake taratibu, akaniambia, “Mwalimu, akimaliza utuite,” akatoka. Wenzake wakamfuata, na ukumbini tukabaki mimi, mwenyekiti aliyekuwa amesinzia, na mgeni, ambaye alimaliza maneno yake kwa dakika mbili kamili kisha akaniuliza kwa unyonge ni tusi gani alilowatukana wazee.

Tulipokaa kulichambua ndipo nilipogundua kwamba bwana yule alikuwa akizungumza Kireno kwa maneno ya Kiingereza. Kwao “resumir” ni kufupisha, na “resumo” ni muhtasari. Mreno akitaka kuendelea pale alipoachia husema “retomar”. Vitenzi “resume” na “resumir” vilizaliwa na mama mmoja wa Kilatini, aliyekuwa na maana ya kutwaa tena, lakini kila mtoto akaolewa kijiji chake. Nilitaka kumcheka, nikakumbuka kwamba sisi nasi tulichukua neno lao “igreja”, yaani kanisa, tukalifanya gereza. Nikanyamaza.

Mwenyekiti alipoamka na kupata habari, aliamua kwamba aliyewatawanya wazee ndiye atakayewakusanya. Niliwakuta chini ya mkorosho, sahani mikononi, nikawaomba radhi na kuanza kuwasomea ule muhtasari. Sikuwa nimefika hata kwenye magunia, yule mzee wa kofia akainua kijiko.

“Mwalimu, na huu nao ni tangu mwanzo?”